Meli inafunga Valletta, Malta, mwezi wa Agosti: saa chache za kushuka nizitumieje?

BintiLikoni

Shikamoo wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni mtoto wa Likoni, niko kwenye mkataba wangu wa kwanza katika meli ya kitalii, idara ya vyumba. Tunatoka Barcelona, tunazunguka bandari za Italia, na safari hii mpya inatushukisha mpaka Malta. Tutafunga Valletta tarehe 15 Agosti, halafu tena tarehe 29. Nikimaliza vyumba vya asubuhi ninakuwa huru kama saa nne na nusu, na saa tisa lazima niwe nimerudi, nimeoga, nimevaa sare kwa kazi ya jioni. Siku zote mbili jina langu halimo kwenye zamu ya kubaki melini, nimeangalia ubaoni.

Wenzangu waliokwisha kufika wananiambia hakuna cha kuona ila mawe na jua. Nikae kwenye mikahawa ya gatini, nitumie waifai, nipige simu nyumbani, ninunue sabuni na mafuta ya nywele, nirudi. Simu ya nyumbani siidharau, na intaneti ya melini inakula mshahara. Lakini mama akiniuliza Ulaya kukoje, ninamwambia nini? Shuleni nilipenda historia kuliko somo lolote. Sitaki kumaliza mkataba nikiwa nimeiona Ulaya kupitia dirisha la chumba cha mgeni ninalolipangusa.

Naomba mnisaidie haya. Viza yangu ya Schengen, yaani ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ilikuwa ya kuingia mara moja, na nilipopanda meli ikagongwa muhuri wa kutoka. Je, Malta ninaruhusiwa kushuka? Hilo joto linalosemwa, linazidi la kwetu? Sitaki kupita euro ishirini. Mimi ni Muislamu, hivyo nataka kujua la kula. Na nitakuwa peke yangu, maana mwenzangu wa chumba ana zamu.

Fundi_Tanga

Dada, mimi niko chumba cha injini, nakuambia kama kaka: lala kwanza. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unakupa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Jumlisha zako. Kama hazifiki, kitanda ndiyo bandari yako. Nimewaona vijana wanashuka kila bandari, wiki ya tatu wanasinzia wamesimama, na huku chini kwetu anayesinzia anapoteza vidole. Malta haiondoki.

Ukishuka, kofia na maji. Gati halina mti wa maana.

Mzee_Kibokoni

Marahaba mwanangu. Nimehudumu meza katika meli za kitalii mpaka mvi zikanitoka, na katika bandari zote za Bahari ya Mediterania, Valletta ndiyo niliyoipenda. Fundi amesema kweli kuhusu usingizi, mshike. Lakini kama umelala vizuri usiku wa tarehe 14, usikae mkahawani. Nakujibu kwa urefu, nivumilie.

Kutazama kwako kuanze kabla meli haijafunga. Meli nyingi huingia alfajiri. Omba ruhusa upande kwenye sitaha ya wafanyakazi, hata kwa dakika ishirini. Mlangoni mwa bandari, mkono wako wa kulia ni ngome ya St Elmo, kushoto ni Ricasoli. Mkizidi kuingia utaona kushoto rasi ya Birgu, na kwenye ncha yake ngome ya St Angelo, kisha rasi ya Senglea. Kulia kote ni Valletta yenyewe, imekaa juu ya mwamba, na jua la asubuhi linapoipiga, mawe yale yanakuwa na rangi ya asali. Wageni wa vyumba vya balkoni hulipa pesa nyingi kwa mandhari hayo, na wewe sitahani unayaona yale yale.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, nimecheza mpira chini ya kuta za Fort Jesus. Zile kuta za Valletta nilizitambua tangu mbali. Kuna sababu. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ilichorwa na Mwitaliano aliyewatumikia Wareno, Giovanni Battista Cairati. Valletta, iliyoanzwa mwaka 1566, ilichorwa na Mwitaliano mwingine, Francesco Laparelli. Utaalamu ni ule ule: ukuta umelazwa kwa mshazari ili tufe la mzinga liteleze, na pembe za ngome zimechongoka ili askari aliye kwenye pembe hii amwone adui aliyejibanza chini ya pembe ile. Mtu wa Mombasa akisimama pale hahitaji kuelezwa sana. Kwa hiyo anayekuambia ni mawe tu, mwambie hata Fort Jesus ni mawe tu.

Sasa njia. Ukishuka utakuwa Floriana, kwenye gati la Pinto. Madereva wa teksi watakuita, na wenye magari ya farasi watakuita. Wapite kwa adabu. Farasi hao siwapandi wala simshauri mtu apande, kwa jua la Agosti ni mateso kwa mnyama. Fuata ukingo wa maji, bahari ikiwa kulia kwako, dakika kumi hivi mpaka kumi na tano, utafika chini ya ukuta mrefu wenye lifti. Lifti ile, iliyofunguliwa mwaka 2012, inakupandisha mita 58 mpaka bustani ya Upper Barrakka. Nauli yake ni ndogo. Walio na haraka ya kuokoa nauli hupanda kwa miguu, lakini wewe una kazi ya jioni, okoa magoti.

Bustanini kuna kivuli cha matao, na bandari yote iko chini ya miguu yako, pamoja na meli yenu. Mpigie mama kutoka hapo, umwonyeshe. Chini yake kidogo kuna safu ya mizinga, na saa sita kamili mchana wanapiga mmoja. Zamani milio ya namna hiyo iliwasaidia manahodha kurekebisha saa zao kabla ya kutoka baharini. Ziba masikio.

Kutoka bustanini ingia mjini. Mji ni mdogo, mitaa imenyooka na kukatana, na njia za pembeni zinashuka kwa ngazi mpaka baharini pande zote mbili. Tembea upande wenye kivuli. Strait Street ni nyembamba kiasi kwamba jua linapata shida kufika chini, na mtaa huo ulikuwa wa mabaharia: enzi za Waingereza ulijaa baa na kumbi za muziki, manowari zikifunga hapakosi vurugu. Tazama juu pia. Utaona roshani za mbao zilizofungwa kwa vioo, zimepakwa kijani, nyekundu, buluu. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa roshani hazimpiti hivi hivi.

Kitu cha kulipia, kama utalipia kimoja, ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane. Nje ni kavu kama bohari. Ndani kila pahali ni dhahabu na nakshi, na sakafu nzima ni makaburi ya marumaru ya rangi, karibu 400, ya wale Manaiti waliotawala kisiwa. Hao walikuwa utawa wa Wakatoliki wapiganaji. Mfalme Karoli wa Tano aliwapa Malta mwaka 1530 kwa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka, na mwaka 1565 wakazingirwa na majeshi ya Waturuki kuanzia Mei mpaka Septemba, wakashinda, ndipo wakajenga mji huu na kuupa jina la mkuu wao, Jean de Valette. Katika chumba cha pembeni mwa kanisa kuna mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa mwaka 1608, upana wake unapita mita tano: kukatwa kichwa Nabii Yahya, ambaye wao wanamwita Yohane Mbatizaji. Nabii yuko chini, mnyongaji anatafuta kisu mgongoni mwake, na wafungwa wawili wanachungulia dirishani. Caravaggio hakuitia sahihi kazi yake nyingine yoyote, hii ameitia, na ameiandika ndani ya ile damu. Nilikaa mbele yake mpaka mlinzi akanizoea. Chukua leso ya kufunika mabega, na viatu visiwe vya kisigino chembamba, hawakuruhusu kwa ajili ya marumaru.

Tiketi ya kanisa itakula sehemu kubwa ya hizo euro ishirini, nakuonya mapema.

Lakini jambo ninalotaka ulijue zaidi ya yote liko pale pale gatini. Pinto, ambaye gati limepewa jina lake, ni Manuel Pinto da Fonseca, Mreno, mkuu wa Manaiti tangu 1741 mpaka 1773. Yale maghala marefu yenye milango ya rangi, ambayo sasa ndiyo mikahawa ya waifai, ni ya enzi zake, mwaka 1752. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1749, watumwa wa Kiislamu waliokuwa Malta walikubaliana kuinuka tarehe 29 Juni, siku ya sikukuu, watu wakiwa wameacha kazi na wengi wametoka mjini. Siri ikavuja baada ya ugomvi katika duka la kahawa hapo Valletta. Wakakamatwa, wakateswa, na makumi yao wakauawa mbele ya watu.

Walikuwa watu waliotekwa baharini na katika pwani za Afrika Kaskazini na Uturuki. Wakafungwa kwenye makasia ya merikebu za Manaiti, wakabebeshwa mawe ya hizo kuta, wakauzwa sokoni, wakatumwa majumbani. Kila ukuta unaoupiga picha, sehemu ya jasho lake ni lao. Utumwa ulifutwa Malta mwaka 1798 tu, Napoleon alipowatoa Manaiti. Wala haikuwa dhambi ya upande mmoja: mwaka 1551 Turgut Reis, amiri wa Waturuki, aliteremka katika kisiwa cha Gozo, jirani ya Malta, akaondoka na karibu wakazi wake wote, watu wapatao 5,000, wakauzwa utumwani. Bahari ile nzuri unayoiona ilikuwa soko la watu kwa miaka mamia, huku na huku.

Waongoza watalii niliowasikia pale walisimulia Manaiti, ngao zao na karamu zao. Sisi tuliolelewa Mombasa, tunaojua Frere Town ilianzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, tuna wajibu wa kuwauliza habari za waliopiga makasia. Niliwahi kumuuliza mmoja, mama mtu mzima, akafunga kijitabu chake akanieleza kwa nusu saa nzima, kwa heshima kabisa. Wanajua. Wanangoja kuulizwa. Na wewe unayefanya kazi chini ya sitaha ya wageni, sidhani kama kuna mtu anayefaa kuuliza zaidi yako.

Joto sasa. Joto la Mombasa lina unyevu na upepo wa bahari. La Malta linatoka juu, halafu linarudi kutoka kwenye mawe, unaokwa pande mbili. Nyuzi 32 ni siku ya kawaida ya Agosti, na zikija siku mbaya zinapita 40. Kisiwa hakina mto wowote wa kudumu na miti ni michache. Waliojenga Valletta walilijua hilo, ndiyo maana kila nyumba iliamriwa iwe na kisima chake cha maji ya mvua, na kuanzia 1610 hadi 1615 wakajenga mfereji wa matao wa kuleta maji kutoka upande wa Rabat, mji wa ndani ya kisiwa. Siku hizi maji mengi wanayasafisha kutoka baharini. Basi kuanzia saa sita mpaka saa tisa uwe ndani ya jengo au kwenye kivuli. Maji nunua vichochoroni, si gatini, bei haifanani.

Mahekalu ya kale ya Ħaġar Qim, na yale ya Gozo yenye zaidi ya miaka 5,000, yasahau safari hii. Ni mbali kwa saa zako.

Bakisha saa moja kabla ya muda wa kurudi. Nahodha hamngoji baharia.

BintiLikoni

Babu, sina la kusema ila ahsante sana, Mungu akuzidishie. Sikujua kabisa habari za hao watumwa, na hapa melini kila mtu anaitaja Pinto kama jina la mkahawa. Nimeshaomba ruhusa ya sitaha, bosi wangu amecheka lakini amekubali.

Fundi, saa zangu nimezijumlisha. Zinatimia, kwa shida.

Achieng_Msida

Habari BintiLikoni. Mimi niko Malta, nafanya kazi ya kutunza wazee. Acha niongeze mambo ya huku, na moja linamhusu Mzee moja kwa moja.

Tarehe 15 Agosti ni Santa Marija, yaani Kupalizwa kwa Bikira Maria, sikukuu kubwa ya kitaifa. Kanisa Kuu la Yohane halipokei watalii siku za sikukuu wala Jumapili, ni ibada tu. Maduka mengi pia yatafungwa. Kwa hiyo mchoro wa Caravaggio uweke kwa tarehe 29. Hiyo tarehe 29 ndiyo siku Wakatoliki wanayomkumbuka Yohane alipokatwa kichwa, si sikukuu ya kufunga kazi, ila angalia kwanza saa za kufungua.

Kuhusu viza: sheria ya mipaka ya Schengen inaruhusu nchi iwaachie mabaharia walio na kitambulisho cha ubaharia, na waliomo kwenye orodha ya meli, washuke bila viza katika eneo la bandari na miji inayopakana nayo. Floriana na Valletta hazina wasiwasi, zimepakana. Kabla ya kwenda mbali zaidi kwa basi, uliza ofisi ya wafanyakazi melini wakupe jibu la wazi. Wewe ndiye utakayesimamishwa, si wao. Na nikuambie kama dada: huku kuna Waafrika wengi waliovuka bahari kutoka Libya, Wasomali, Waeritrea, Wasudani, wengi wanaishi upande wa Marsa, na polisi wana tabia ya kuuliza karatasi mtu mweusi kabla hajauliza mwingine. Kitambulisho cha meli kiwe shingoni au mfukoni, na uwe na picha ya kitabu chako cha baharia kwenye simu. Usiogope, jibu tu. Wamalta wa kawaida, hasa kina mama na wazee, ni watu wa kuongea. Wazee ninaowatunza wananiita binti yao.

Laini ya simu: usinunue Malta. Ukinunua laini ya kulipia kabla Barcelona, inatumika Italia na Malta bila kuongezewa bei, ndiyo sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2017. Hapo habari ya kukaa mkahawani kwa sababu ya waifai imekwisha.

Chakula: utaona kila kona pastizzi, maandazi ya tabaka tabaka, ndani yana jibini laini au njegere za kusaga. Bei ni chini au karibu ya euro moja, na yanashibisha. Lakini kwa kuwa wewe ni Muislamu, uliza unga umekandwa kwa mafuta gani, maana kuna wanaotumia ya nguruwe. Ukitaka usalama, ule ftira ya samaki jodari, ni mkate wa duara wenye nyanya, zeituni na kepa. Msikiti uko Paola, unaitwa Mariam Al-Batool, ulijengwa kwa msaada wa Libya enzi za Gaddafi. Ni mbali kidogo kwa saa zako.

Magari yanapita kushoto kama nyumbani, hilo tulirithi kwa mkoloni mmoja. Ukivuka barabara utatazama upande sahihi bila kufikiri.

Mzee_Kibokoni

Ahsante Achieng kwa kunisahihisha ratiba. Basi mwanangu, tarehe 15 badilisha: bustani, mzinga wa saa sita, halafu shuka na lifti ile ile, chini yake kuna vivuko na mashua ndogo za kuvuka bandari kwenda Birgu. Ofisi ya wafanyakazi ikikukubalia, vuka. Mashua hizo wanaziita dgħajsa, zimepakwa rangi, zina ncha ndefu mbele na nyuma. Birgu ndipo Manaiti walipoishi kabla Valletta haijakuwepo. Vichochoro vyake ni vyembamba, vina maua milangoni, na siku ya Santa Marija utakuta watu wamekaa nje na jamaa zao. Kuna jumba la mahakimu wa dini na magereza yake. Kama limefungwa kwa sikukuu, kutembea tu kunatosha.

Na tarehe 15 Agosti yenyewe ina habari inayotuhusu mabaharia. Mwaka 1942 Malta ilikuwa inakaribia kusalimu amri kwa njaa, Wajerumani na Waitaliano wakiipiga mabomu mchana na usiku. Waingereza wakatuma meli 14 za mizigo zikilindwa na manowari. Njiani zilizamishwa tisa. Zilizofika ni tano, na ya mwisho ilikuwa meli ya mafuta, Ohio, imetobolewa, injini zimekufa, sitaha iko karibu na usawa wa maji. Wakaifunga katikati ya manowari mbili, moja huku na moja huku, wakaiburuta mpaka ikaingia bandari hii asubuhi ya tarehe 15. Watu walijaa kwenye kuta wakishangilia. Mafuta yakanyonywa, na meli ikakaa chini. Wamalta mpaka leo wanauita msafara wa Santa Marija.

Waliokufa katika zile meli tisa wengi walikuwa watu wa kazi kama sisi: wapishi, wapaka grisi, wahudumu wa meza. Ukiwa bustanini siku hiyo, tazama mlango wa bandari ulioingilia alfajiri. Ohio ilipita hapo hapo.

Mwl_Songea

Naomba niongeze kwa ajili ya Wakristo watakaosoma. Malta ndiyo Melita ya Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28. Mtume Paulo alikuwa mfungwa anayepelekwa Roma, meli ikavunjika na dhoruba, na watu wote 276 waliokuwemo wakafika pwani salama, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, na hapo ndipo nyoka alipomwuma Paulo mkononi asipate madhara. Mabaharia wa leo wakisoma sura ya 27 wataikubali: kushusha matanga, kutupa shehena, kupima kina, yule akida kumsikiliza nahodha kuliko Paulo. Mtu aliyeandika alikuwemo melini.

Katikati ya Valletta kuna kanisa la Paulo Kuvunjikiwa Meli. Liko kwenye mtaa wa pembeni, kulikosa ni rahisi. Ndani wanatunza mfupa unaoaminiwa kuwa wa kifundo cha mkono wake, na kipande cha nguzo alipokatiwa kichwa huko Roma. Mimi nililia pale, sioni aibu kusema.

Fundi_Tanga

Mwalimu, sura hiyo nimeisomewa na mwenzangu wa zamu chini kwa injini. Pale wanapozungushia kamba chini ya merikebu isipasuke, tulitazamana. Hiyo ni kazi ya mafundi.

BintiLikoni, mimi nilidhani unakwenda kuzurura. Nenda. Ila tarehe 14 lala mapema kama Mzee alivyosema.

BintiLikoni

Nimeuliza ofisi ya wafanyakazi leo. Wamesema Valletta na Floriana ruksa, na Birgu pia ruksa kwa sababu ni bandari ile ile, mradi nirudi kabla ya saa nane na nusu. Mahekalu hapana. Nimeandika kila kitu kwenye daftari, na leso ya kufunika mabega ninayo, ya mama.

Swali la mwisho: ile mashua ya Birgu inalipwa kwa kadi? Sisi mshahara unaingia kwenye kadi ya meli.

Achieng_Msida

Wale wenye mashua beba taslimu, na iwe sarafu. Ukiwapa noti ya hamsini watakutazama tu. Badilisha kidogo melini kabla ya kushuka, siku ya Santa Marija usitegemee benki.